Darasa la Mwalimu Umejuaje

4 Februari

Kaka,

Salamu utazikuta mwisho wa barua. Leo naanza na linaloniwasha.

Kimya ameniandikia kutoka huko kwako. Unamjua mwanangu, barua yake huwa mistari minne: mzima, anasoma, anasalimia, basi. Safari hii ameandika ukurasa mzima, na ukurasa wote unamhusu mwalimu mpya wa hisabati. Anasema mwalimu huyo hawaambii jibu. Mtoto akikosea anaulizwa, "Umejuaje?" Akipata, anaulizwa hivyo hivyo. Wamembandika jina, Mwalimu Umejuaje. Madawati ameyageuza, watoto wanakaa wakitazamana kama wacheza karata, eti wanafundishana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa nauliza, kama wanafundishana wenyewe, yeye anakwenda kufanya nini pale? Mimi huku kiwandani nikipewa msichana mpya kwenye mashine, namwambia tazama mkono wangu, fanya hivi, usifanye vile. Simuulizi amejuaje. Hajui, ndiyo maana kaja!

Kimya amerudia darasa kwa sababu ya hisabati hiyo hiyo, na mwaka huu ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Tena ni mtoto ambaye hata ukimkanyaga mguu hasemi. Ndiye wa kumfundisha mwenzake?

Nimepata nafasi katika shule moja ya bweni karibu na huku. Kule mwalimu anafundisha, mtoto anasikiliza. Mkuu wa shule amekubali kunishikia mpaka mwisho wa Machi, baada ya hapo anampa mwingine. Nakuomba uende ukakae ndani ya darasa hilo, uniandikie ulichokiona. Wewe ndiye mtu wa kuandika kila siku yako kwenye shajara, sitapata shahidi bora. Ningekupigia, lakini simu ya kiwandani ni ya wenye msiba na wenye mashine mbovu.

Haya, nakusalimia, msalimie wifi. Mwambie gauni lake liko kwenye sindano.

Dada yako


17 Februari

Dada mpendwa,

Barua yako niliipata Jumatano, na Jumanne iliyofuata nilikwenda shuleni, nilipomaliza kusoma mita za mtaa ulio nyuma yake. Sikupata muda wa kubadili nguo. Niliingia na sare ya idara ya maji, beji kifuani, na ule ubao wangu wa kubania karatasi mkononi. Mwalimu mkuu alikuwa na haraka. Akanionyesha darasa kwa kidole akaenda zake.

Mwalimu mwenyewe alikuwa hajafika, nikasubiri nje karibu na dirisha. Nilisikia madawati yakiburutwa, nikadhani ni usafi. Alipokuja ni mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye mfuko mkubwa kuliko yeye. Nilimwambia, "Endelea na kazi, Mwalimu, mimi ni mtazamaji tu," tukaingia pamoja.

Dada, umepewa habari za uongo. Madawati yalikuwa kwenye mistari iliyonyooka. Watoto walisimama kwa pamoja, wakasalimu kwa pamoja, wakakaa kwa pamoja. Mikono imefungwa kifuani, migongo imenyooka. Nzi angepita ungemsikia. Kila swali likiulizwa mikono yote inapanda, hata wa Kimya. Mwalimu aliuliza hilo "Umejuaje?" mara moja tu, na darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Tumefundishwa na wewe, Mwalimu!" Chaki ikamdondoka. Nadhani aliguswa.

Jambo moja tu silielewi vizuri, nalo naliandika kwa kuwa umetaka niliyoyaona yote. Mwalimu alifundisha akiwa ubaoni muda wote, lakini alikuwa akiangalia huku na huku kama mtu aliyepanga chumba, akarudi akakuta vitu vya mtu mwingine. Nilipotoka hakuniuliza neno.

Jioni nilimwambia Kimya, "Darasa lenu lina adabu sana." Akatazama sahani yake.

Maoni yangu ni kwamba mtoto abaki. Mwalimu anayewatuliza watoto wengi namna ile bila fimbo si mtu wa kuachwa.

Wifi yako anauliza sindano hiyo ina mwaka wa ngapi.

Kaka yako


26 Februari

Kaka,

Umenitua mzigo. Nimewasomea wenzangu wa mstari wangu hapo penye "nzi angepita," wakapiga makofi. Hilo ndilo darasa. Na mimi nikikagua mashine asubuhi nataka iwe hivyo.

Kumbe Kimya alikuwa ananitungia hadithi? Sikujua kama ana mdomo wa kutunga. Mwambie simkasirikii.

Nimemwandikia mkuu wa ile shule ya bweni kuiachia nafasi. Barua naituma nikipata stempu nyingine.

Dada yako


1 Machi

Mama,

Shikamoo. Mjomba amenisomea barua yako. Kama hujaituma ile ya shule ya bweni, usiitume kwanza. Sitaki ubaki na furaha ambayo si ya kweli.

Sikutunga hadithi. Siku ile Mjomba alipokuja, kiranja wetu alichungulia dirishani akaona mtu mwenye sare, beji na karatasi. Akasema, "Jamani, mkaguzi!" Mwalimu wa darasa la jirani amekuwa akilalamika kwamba sisi ni wapiga kelele, na tulisikia kwamba mkaguzi akija na akakuta kelele, Mwalimu wetu ataondolewa. Kiranja akasema tupange madawati kama zamani, tufunge mikono, na kila mtu anyooshe mkono kwa kila swali, hata kama hajui. Aliyejua angekonyezwa na kiranja asimame ajibu. Ile ya "tumefundishwa na wewe" tulikubaliana hapo hapo. Tuliona ni nzuri.

Mimi nilijua ni Mjomba. Nilimwona wa kwanza. Sikusema, kwa sababu nilijua nani amemtuma, na nilitaka aone darasa unalolipenda wewe.

Mjomba alipoondoka, Mwalimu alifunga mlango akatuuliza, "Leo mmekuwa watoto wa nani?" Kiranja akamweleza. Mwalimu akakaa kwenye dawati, akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mlitaka kunilinda kwa kuficha kitu ambacho ndicho ninachokipenda kwenu." Akatuambia turudishe madawati.

Usimgombeze Mjomba. Tulijitahidi sana siku ile.

Mwanao,
Kimya


9 Machi

Kaka,

Wewe! Mtu mzima! Kazi yako kutwa ni kusoma mita zilizofichwa nyuma ya migomba na mapipa ya watu, halafu watoto wa shule wanakupangia madawati ukisikia kwa masikio yako, unaandika "nikadhani ni usafi"!

Nimecheka, lakini kicheko kimeisha. Barua ya kuachia nafasi nimeichana. Stempu ndiyo iliyoniokoa, maana sikuwa nayo. Sasa najua alichoandika Kimya mwanzoni ni kweli tupu: mwalimu hatoi majibu, darasa ni soko, na mwenzake wa jirani analalamika. Mtoto anahama. Mwambie wifi aanze kumtafutia sanduku. Nafasi nitaithibitisha mwezi huu, na nitakuja kumchukua wiki ya pili ya Aprili.

Usiniandikie kunibembeleza.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Sikubembelezi. Ulinipa kazi, nikaifanya vibaya, na mimi kazi ikiharibika huirudia. Nyumba niliyokosea kusoma mita huirudia kesho yake. Jana niliomba ruhusa kazini, nikavaa shati la kawaida, nikaacha ubao nyumbani, nikarudi darasani. Kabla ya kuingia nilimwambia Mwalimu mimi ni nani. Akasema, "Ahaa, ndiye wewe! Siku ile nilidhani nimekosea mlango."

Naandika kama nilivyoandika kwenye shajara jana jioni.

Ubaoni palikuwa na swali moja tu: bomba la uwanjani linalovuja linapoteza maji kiasi gani kwa mwezi? Kiranja, kijana mmoja mrefu mwenye maneno, akanigeukia, "Samahani mzee, si wewe mtu wa maji? Mbona linavuja?" Darasa likaangua kicheko. Nikasema nitalifikisha ofisini. "Lini?" akauliza mwingine. Dada, nilitoka jasho.

Kwanza kila mtoto alifikiria peke yake na kuandika, bila kusema. Hapo palikuwa kimya, lakini si kimya kile cha siku ya kwanza. Hiki kilikuwa cha watu wenye shughuli. Halafu kila mmoja akamgeukia jirani yake, wakaonyeshana. Halafu wawili wakaungana na wawili, ndipo madawati yale yanapotazamana. Wakatoka na vikombe kwenda kukinga maji, wakarudi, wakabishana. Kelele, ndiyo. Nilitega sikio nisikie wanachopigia kelele. Mmoja anasema, "Kikombe hakikujaa, wewe umekadiria!" Mwenzake anajibu, "Basi twende tukapime tena, usinung'unike." Sikusikia neno moja la mchezo.

Mimi nilikaa na kundi la pili. Nilijua pa kupita, midomo ikaanza kuniwasha. Mwalimu akaniinamia, "Mzee, humu ndani anayetoa jibu kabla hajaulizwa anakwenda kumwagilia maua." Nikanyamaza. Yeye anazunguka, mikono nyuma, anasikiliza. Hasemi ndiyo, hasemi siyo. Nilidhani ni kazi rahisi mpaka nilipojaribu mwenyewe kukaa bila kusema.

Kisha kila kundi lilibandika hesabu yake ukutani, wengine wakapita kuisoma. Ya kundi la kiranja ilikuwa safi kuliko zote, imepigwa mistari, jibu limezungushiwa duara. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu akauliza, "Nani ana swali kwa kundi hili?"

Hakuna.

Akasubiri. Sijawahi kuona mtu anayejua kusubiri namna ile. Mimi nikibisha geti la mtu lisipofunguliwa mara moja, naanza kuita. Yeye alisimama tu, uso umetulia, kana kwamba ana hakika kuna mtu anakuja.

Mtu huyo alikuwa Kimya. Alisema akiwa ameketi, kwa sauti ile yake ya kuomba chumvi:

"Bomba haliendi nyumbani kengele ikilia."

"Unasemaje?" kiranja akauliza.

"Mmehesabu kutoka kengele ya asubuhi mpaka ya kutoka. Sisi tunaondoka. Bomba linabaki."

Mwalimu akauliza, "Umejuaje?"

"Asubuhi tukifika tunaikuta ndoo ya chini yake imejaa na pembeni pamelowa. Hakuna aliyelala hapa kuijaza."

Kiranja akajipiga kofi la paji la uso. "Yaani tumelifanya bomba kibarua wa kutwa!" Wakacheka wote, naye Kimya akacheka. Halafu kiranja mwenyewe akasema, "Ngoja, na Jumamosi na Jumapili je?" Wakaifuta hesabu yote wakaanza upya, na hakuna aliyeona aibu. Mwanzoni nilishangaa hilo kuliko jambo lolote. Kukosea pale ni kama kutoboa njia, wengine wapite.

Baada ya kipindi nilimuuliza Mwalimu kuhusu watoto wasiosema. Akanionyesha vikaratasi. Kabla ya kutoka kila mtoto huandika ambacho hajakielewa siku hiyo. Yeye huvisoma vyote, na kipindi cha kesho kinaanzia hapo. "Wiki za mwanzo," akasema, "mtoto wenu alizungumza nami kwenye vikaratasi tu. Nikamweka na jirani mmoja mpole. Wakazoeana. Nikawaweka wanne. Leo ndiyo mara ya kwanza amezungumza na darasa zima, na sikumwita mimi."

Dada, mwanamke huyu haachi kufundisha hata dakika moja. Nilivyoona, kazi yake kubwa anaifanya kabla hajaingia, kwa kuchagua swali, kupanga nani akae na nani, na kujua watakwama wapi. Akiwa ndani anajizuia. Mimi nimesoma mpaka sekondari na hakuna aliyewahi kunisubiri.

Uamuzi ni wako, wewe ndiye mama. Ila katika barua zote hizi tumeandikiana mimi na wewe, na hatujamuuliza mwenyewe anayesoma. Muulize.

Sanduku halijatafutwa.

Kaka yako


22 Machi

Mwanangu Kimya,

Mjomba wako ameniandikia kurasa nyingi, sijui kama amebakisha wino. Anasema nikuulize. Sijazoea kumuuliza mtoto mambo ya namna hii, mimi mwenyewe sikuulizwa. Lakini nakuuliza.

Sababu zangu za kutaka uhame ni tatu. Ya kwanza, mtihani unataka majibu, na huko hampewi majibu. Ya pili, mtihani una saa, na ninyi mnamaliza kipindi kizima kwenye bomba moja. Ya tatu, wewe si mtoto wa kusema, na katika darasa la wasemaji utazamishwa.

Ile nafasi inaisha na mwezi. Unataka kuhama au kubaki? Andika unachotaka, na andika kwa nini. Usiniandikie mistari minne.

Mama yako


27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimezisoma sababu zako mara nyingi. Nimewauliza pia wenzangu wa kundi langu, bila kusema ni za nani. Wamesema ya pili ni nzuri.

Ya kwanza umekosea, Mama. Mwaka jana nilikuwa na majibu mengi. Kwenye kugawa sehemu nilikariri kwamba unageuza ya pili halafu unazidisha. Kwenye mtihani nikageuza ya kwanza. Nilikuwa na hakika kabisa, na sikuwa na njia ya kujua nimekosea. Sasa najiuliza kwanza: nina nusu mkate, nataka vipande vya robo, nitapata vingapi? Viwili. Hesabu ikinipa nusu, najua nimegeuza vibaya, hata kama hakuna mtu wa kuniambia. Kwenye mtihani hakuna mtu wa kuniambia.

Ya pili uko sahihi. Mimi ni mzito, na wengi wetu ni wazito. Niliandika jambo hilo kwenye kikaratasi hata kabla ya barua yako. Mwalimu alikisoma mbele ya darasa, akasema aliyeandika amemkamata, hakuwa amelifikiria vya kutosha. Tangu hapo kila Ijumaa tunafanya maswali kwa saa, kila mtu peke yake, halafu tunatazama pamoja wapi muda umepotea. Ijumaa ya kwanza sikumaliza. Iliyofuata nilibakiza maswali machache.

Ya tatu umekosea, lakini si kosa lako, hukuwepo. Ni kweli sisemi sana. Pale hakuna anayeniharakisha, ndiyo maana nikiwa na la kusema ninalisema. Kwenye shule ambayo kazi yangu ni kusikiliza tu, nitasikiliza vizuri sana, Mama, na hakuna atakayejua kama nimeelewa. Hata mimi sitajua. Nilifanya hivyo miaka yote na nikarudia darasa.

Nataka kubaki.

Ukisema nihame nitahama, na nitakusalimia vizuri ukija kunichukua. Lakini uliniuliza ninachotaka, na ndicho hicho.

Mwanao,
Kimya


31 Machi

Kaka,

Barua ya Kimya ilifika jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Nilitafuta pa kumshika nikakosa. Hapo kwenye nusu mkate nilidhani ananizuga, nikachukua nusu mita ya kitambaa, nikakata vipande vya robo mita. Viwili. Nikacheka peke yangu mpaka msichana wa mashine ya pembeni akaniuliza kama naumwa. Hesabu hiyo ndiyo iliyonishinda mimi nilipokuwa na umri wake, Kaka, na sasa nimekata nguo miaka yote hii bila kujua kwamba ndiyo hiyo.

Mtoto wangu amenipinga. Amenipinga mawili, amenikubalia moja, na hakunivunjia heshima hata mahali pamoja. Mimi nina wanawake wazima hapa wanaojibu "ndiyo, dada" kwa kila kitu, halafu mikono ya mashati inatoka mirefu upande mmoja. Natamani ningekuwa na mmoja wa namna yake.

Leo asubuhi nimempigia simu mkuu wa shule ya bweni nikaiachia nafasi. Meneja aliniuliza simu ya nini, kuna msiba? Nikamwambia hapana, kuna furaha. Alinitazama, akaniacha.

Kimya anabaki. Usimwambie wewe, nimemwandikia mwenyewe, na bahasha yake iko ndani ya hii.

Likizo niliyoomba ya kuja kumchukua sijaifuta. Nakuja hivyo hivyo. Niombee kwa huyo Mwalimu nikae kwenye kundi mojawapo kipindi kimoja, tena asiwaambie watoto ni siku gani, wasije wakanipangia madawati. Swali lolote watakalopewa na mimi nipewe. Nikikosea wanirekebishe. Ila waambie wasicheke sana, maana nitakuwa mgeni.

Dada yako